Tawi Juu ya Tanuri

Saa 10 alfajiri Kendwa bado imelala, na fundi amekwisha teremsha vioo vyote vinne vya gari. Kiyoyozi hakigusi. Mkoba wa kamera ameulaza kiti cha nyuma, zipu ameiacha wazi upana wa vidole viwili ili hewa ya nje iingie polepole. Usiku kucha mkoba huo ulikuwa barazani, haukuingizwa chumbani. Nilimwuliza sababu, akanijibu huku akifunga kamba za viatu: "Lenzi iliyolala kwenye baridi ukiipeleka msituni inatoka jasho, mwanangu. Utafuta nje, kumbe na ndani ukungu umeingia. Nusu saa inakwenda hivyo, na kima hawana ahadi na wewe."

Ami huyu nimemjua kwa miaka minane. Jina lake silitaji kwa kuwa mwenyewe hakupenda litajwe. Watu wa Kendwa wanamjua kwa harusi za ufukweni. Pwani yetu inatazama magharibi, na maji yakitoka hayaendi mbali kama yanavyofanya upande wa mashariki wa kisiwa cha Unguja, basi jioni nyingi za mwaka utakuta bibi harusi na bwana harusi wamesimama mchangani, jua linazama nyuma yao, na fundi amepiga goti mbele. Hiyo ndiyo riziki yake. Msitu ndio mapenzi yake. Akipata Jumamosi na Jumapili zisizo na harusi, hukata kisiwa kutoka ncha ya kaskazini hadi kusini kwenda kuwapiga picha kima punju wa Jozani. Mwezi wa Juni, masika yamekwisha na kusi limeshika, alikubali tufuatane.

Tulipita Mkwajuni gizani, tukapita Kinyasini, tukapita mashamba ya miwa ya Mahonda ambayo wakati ule ni harufu tu, huyaoni. Wenzetu wa bara wanaotaka msitu hupanda: Usambara, Uluguru, Udzungwa. Unguja haina milima. Ukingo wa Masingini, ulio juu kuliko sehemu nyingine za kisiwa, haufiki hata mita 150. Msitu wetu mkubwa umekaa chini, bondeni, mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa nchi hata mvua ikizidi miti husimama ndani ya maji. Na pembeni mwake maweni, ile nchi ya mawe ya matumbawe yenye vichaka vya miiba. Mpiga picha wa milimani anapata mwanga unaotoka ubavuni, unaomchorea mabonde na migongo. Mpiga picha wa Jozani anapata mwanga unaotoka juu tu, kupitia matundu ya majani, na matundu hayo yanahama kila dakika.

Bungi tulifika kunapambazuka. Pale barabara inapita katikati ya safu mbili za miembe mikongwe, ambayo husemwa ilipandwa kwa ajili ya Bi Khole, binti wa Sayyid Said. Fundi akapunguza mwendo mpaka gari ikawa inatambaa, akatoa mkono wa kulia dirishani, kiganja juu, vidole vimelegea. Akaugeuza kidogo kuelekea mashariki. Akaurudisha. Nilidhani anapima mvua.

Alikuwa anasoma mwanga. Kamera, alinieleza baadaye, haijui inachokitazama. Kipimo kilichomo ndani yake kimefundishwa jambo moja tu, kwamba ulimwengu ni wa rangi ya kijivu, kijivu cha katikati. Ukiielekeza kwenye mbuzi mweusi itamwangaza mpaka awe kijivu, ukiielekeza kwenye kanzu itaififisha mpaka iwe kijivu. Kiganja hakidanganyiki. Viganja vya watu, wawe weusi au weupe, havipishani sana kwa mng'ao, na kiganja chochote kinang'aa kuliko kile kijivu kwa kiasi cha hatua moja. Basi anayekijua kiganja chake amekwenda na kipimo chake mwilini. Anapima pale, anaongeza hatua moja, anaacha kuihangaikia kamera. Kwenye miembe ya Bi Khole hakuwa na haja ya picha. Alikuwa analifungua jicho, kama msomaji anavyosafisha koo kabla ya kuanza.

Baada ya Bungi barabara inakwenda kusini mpaka pale matuta yanapoanza. Matuta ya Jozani yana sababu: kima wanavuka barabara hiyo kwenda mashambani na kurudi, na zamani magari yaliwaua wengi. Yalipowekwa, vifo vilipungua sana. Fundi huyavuka kwa heshima ambayo sijaiona kwa dereva mwingine.

Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004. Ina kilomita za mraba 50, ikiwemo mikoko ya Pete na ya Chwaka. Kima punju hapatikani kwa asili yake popote duniani isipokuwa kisiwa cha Unguja na vijisiwa vilivyo jirani yake. Vitabu vya sayansi vilimwandika mwaka 1868 na kumpa jina la John Kirk, daktari wa ubalozi wa Uingereza hapa Zanzibar. Jina letu sisi ni la zamani zaidi na kali zaidi. Punju ni sumu. Wazee walisema mti anaoula unakufa, na mbwa akimla ananyonyoka manyoya. Hesabu kubwa iliyofanywa kisiwa kizima, na matokeo yake kutolewa mwaka 2017, ilikuta zaidi ya 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa. Ukijaza uwanja mdogo wa mpira umekwisha wamaliza kima punju wote wa dunia.

Kwa mwenye kamera, mnyama huyu ni mtihani. Mgongo wake mwekundu wa kutu. Mabega na mikono myeusi. Tumbo jeupe. Uso mweusi tititi, pua na midomo rangi ya waridi, na kuuzunguka uso wote nywele nyeupe ndefu zilizosimama. Nyeusi kabisa na nyeupe kabisa zimekaa mahali pasipozidi upana wa kiganja. Ukiuweka uso vizuri, nywele zinaungua na kuwa doa tupu lisilo na unywele hata mmoja. Ukizihifadhi nywele, uso unazama na macho yanapotea. Na yeye hakai wazi. Anakaa chini ya majani, anatazama chini, mwanga uko juu yake. Picha nyingi za kima punju nilizowahi kuziona, na zangu zote za asubuhi ile, zina kofia nyeupe inayong'aa na chini yake shimo jeusi.

Nilipiga nyingi. Tulipotia saini langoni na mtembezaji wetu kutupitisha njia ya mitondoo, kundi la kwanza lilikuwa tayari juu, watu wazima na watoto, labda thelathini, na mimi nikakimbilia kila tawi lililotikisika. Fundi hakuitoa kamera mkobani. Alisimama na yule mtembezaji wakizungumza kwa sauti ya chini habari za kundi jingine, lile linalolala upande wa mashamba: wameamkia wapi, wamekula nini jana.

Hapo ndipo nilipoanza kuiona kazi yenyewe. Fundi hachagui mnyama. Anachagua mahali. Baba yake alikuwa mtu wa Nungwi, msukaji wa madema, na mtu wa dema hafukuzi samaki. Anajua chafi anakula wapi, maji yakijaa anapitia mwamba upi, analishusha dema lake pale na kurudi nyumbani. Samaki ndiye anayesafiri. Fundi amelitoa dema baharini akalipeleka msituni, na nyuzi zake ni mwanga na njaa.

Upande wa kusini, nje ya hifadhi, kuna shamba la mama mmoja mtu mzima. Tulipiga hodi, akatukaribisha, akamwita fundi "bwana picha" kwa namna ya mtu aliyemzoea. Uwanja wake umefagiwa mpaka mchanga umekuwa mweupe. Katikati ya uwanja, tanuri la makaa lililokwisha fukuliwa, majivu yake mepesi yametandaa. Juu ya tanuri, kwa urefu wa mtu na nusu, tawi la mkungu limenyooka kama boriti.

Fundi akakaa chini ya mnazi, mgongo kwenye shina, akaeneza miguu ya stendi, akaifunga lenzi yake ya milimita 300 ikitazama tawi. Tawi tupu. Akainuka, akanyoosha kiganja chini ya tawi, si juu yake. Akakipindua kielekee ardhini.

"Njoo uone."

Nikaweka kiganja changu kando ya chake. Kilikuwa kinang'aa kutoka chini. Mchanga ule uliofagiwa na yale majivu ya kijivu vilikuwa vinaurudisha mwanga wa mbingu juu, laini, hauna ukali, ukiingia pale ambapo kwa kawaida pana kivuli. Kendwa, aliniambia, amejifunza hivyo. Bibi harusi anayesimama kwenye mchanga mweupe hahitaji flashi, mchanga unamwangazia chini ya kidevu. Miaka yote ya kupiga goti mbele ya maharusi ilikuwa imemfikisha chini ya mkungu huu.

Na kwa nini kima waje hapa hasa? Kwa sababu ya tumbo. Kima punju hula majani machanga ya mkungu na ya mwembe kwa wingi, na majani hayo yana virutubisho vizuri lakini yana kemikali kali zinazosumbua mmeng'enyo. Kima wa mashambani wa Jozani wamepata dawa: wanakula makaa. Mtafiti Thomas Struhsaker na wenzake waliandika juu ya jambo hili mwaka 1997, na vipimo vikaonyesha kwamba makaa hayo hunasa zile kemikali na kuyaacha yale yenye manufaa. Mama yule hakuhitaji kuambiwa. "Wakila mkungu asubuhi, hawachelewi kuja kuniibia," alisema, akaenda zake kutwanga. Hana ugomvi nao mkubwa. Zamani alilalamika kwamba wanamaliza vidaka vya minazi yake, kama walivyolalamika majirani wote; lakini watafiti walipohesabu, ilionekana minazi inayopunguzwa vidaka na kima haipungukiwi na mavuno, huenda hata inazidi, kama mmea uliopogolewa. Mama anasema yeye bado hajaamini, ila hawafukuzi.

Basi fundi alikuwa na vitu vitatu mkononi kabla kima yeyote hajaonekana. Mkungu wa kula ulikuwa upande wa magharibi wa uwanja. Makaa yalikuwa katikati. Tawi lilikuwa njia kati ya hivyo viwili, na chini ya njia hiyo palikuwa na mwanga alioupenda. Akaweka kasi ya moja chini ya 500 ya sekunde, maana mkono wa kima una haraka. Tundu la lenzi akalifungua karibu mwisho. ISO akaipandisha 1600. Kisha akapunguza mwanga theluthi mbili ya hatua kwa ajili ya nywele nyeupe. Kwenye filamu, alisema, ungelinda kivuli, kwa sababu filamu ya negativu inaisamehe nyeupe. Kamera ya siku hizi haisamehi. Nyeupe ikiungua imekufa, nyeusi unaweza kuifufua kidogo. Kila kitu kikafungwa. Hakikubaki kitu cha kufanya.

Tulikaa saa 1 na dakika 40. Nilichokitarajia ni kwamba subira yake ingekuwa ya kukaza meno, kumbe ilikuwa ya kustarehe. Alitazama. Mara moja moja kiganja kilitoka. Jua lilipopasua na kumwaga doa kali juu ya tawi, alitikisa kichwa: kima angepita wakati huo asingepiga. Hondohondo akalia mbali. Wingu jembamba la kusi likafunika, uwanja mzima ukapata mwanga wa maziwa, na fundi akalaza kidole kwenye kitufe bila kubonyeza.

Wakaja bila sauti. Kwanza majani ya mkungu yalitikisika, kisha dume kubwa likashuka moja kwa moja tanurini, likabeba kipande, likakimbia. Fundi hakumpiga. Wa pili, hakumpiga. Jike lenye mtoto tumboni likapita tawi lote na likatoka upande wa pili, nami nikasikia kamera yangu ikilia mfululizo, ya kwake imenyamaza. Kisha akaja kijana, bado mwembamba, kachukua kaa lake, akapanda tawini, na badala ya kukimbia akakaa. Akakaa juu ya ule mwanga. Akalishika kaa kwa mkono wa kushoto.

Kima punju hana kidole gumba, ana vidole vinne virefu tu, na anashika kama ndoana inavyoshika. Fundi alikuwa amenieleza njiani kwamba picha ya kima isiyoonyesha mkono ni nusu ya picha. Sasa vile vidole vinne vyeusi vilikuwa vimelizunguka kaa jeusi karibu na midomo ya waridi, na ule mwanga wa chini ulikuwa umeingia katikati ya kila kidole na kingine, ukakigawa, ukaonyesha mikunjo ya ngozi, na vumbi la kaa limekamata kwenye mdomo wa chini. Macho yalikuwa ya kahawia. Sikuwahi kujua kwamba ni ya kahawia. Fundi alibonyeza mara moja, akangoja kichwa kigeuke, akabonyeza tena. Mara nne kwa jumla. Yule kijana akamaliza kaa lake na kuondoka.

Siku nzima ile fundi alipiga picha 11. Za kwangu zilikuwa 640.

Mchana tulikwenda Pete kwenye ujia wa mbao unaopita juu ya mikoko, maji yalikuwa yanajaa, mdiria mmoja akakaa kwenye mzizi wa mkoko kwa muda wa kutosha mtu yeyote kumpiga. Nilimpiga, ni picha nzuri, sina zaidi la kusema juu yake.

Usiku tulilala Mji Mkongwe kwa jamaa zake. Baada ya isha alinipitisha vichochoroni kunionyesha mlango wa studio ndogo, sasa imefungwa, alikoanza kazi akiwa kijana wa skuli. Zanzibar ina historia ndefu ya picha. Akina Gomes na Coutinho walikuwa na studio zao hapa tangu karne ya 19, na Capital Art Studio ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, kisha mwanawe Rohit akaiendeleza. Fundi hakuwa mtu wa studio hizo kubwa. Alikuwa kijana wa kusafisha masinia ya dawa kwenye chumba cha giza. Alisimama mbele ya mlango ule akanionyesha kwa mikono, hewani, kazi aliyoipenda kuliko zote: taa ya mashine ya kukuzia inawaka, karatasi iko chini, na wewe unaingiza kiganja kati ya taa na karatasi, unakitikisa polepole bila kukituliza, ili uso wa mtu usiwe mweusi kupita kiasi. Sekunde tatu, nne. Ukikituliza kinaacha alama. Filamu ilikuwa na picha 36, na mwenye studio alizihesabu. Nikaelewa kwamba kile kiganja cha Bungi na cha chini ya mkungu kilikuwa kimeanzia humo ndani, gizani, kikiwa bado cha mtoto.

Jumapili tulirudi kaskazini kwa njia ya msitu wa Kiwengwa-Pongwe, tukaingia kwenye mapango ya mawe ya matumbawe, tukatoka. Kesho yake jioni alikuwa na harusi.

Katika zile picha 11 alichapisha moja. Aliichapisha kubwa, kwenye karatasi isiyong'aa, na wiki mbili baadaye akanipigia simu nimfuate tena, maana kuna mtu anamdai picha yake. Hodi, karibu. Mama akafuta mikono kwenye kanga, akaishika kwa ncha za vidole, akaitazama kwa muda mrefu sana. Hakumtazama kima. Kidole chake kilikuwa kinafuata mstari wa chini.

"Tawi langu hili," alisema. "Nimeliangusha Jumanne. Lilikuwa linaelemea banda."

Tukageuka. Juu ya tanuri palikuwa wazi. Jua lilikuwa linashuka uwanjani moja kwa moja, kali, na kwenye shina la mkungu pale tawi lilipokuwa palikuwa na duara jipya, bado lina utomvu.

Fundi hakusema kitu. Akaenda katikati ya uwanja, akatazama juu, akatazama chini.

"Sasa wanapitia wapi, bi mkubwa?"

"Wanapitia kule, kwenye mwembe."

Akaelekea kule kwenye mwembe, mkono wa kulia ameunyoosha mbele, kiganja kimetazama chini.